Breki za Maji ya Sabuni

Musyimi, acha hizo video zako unisikize.

Mutheu wetu amevunjika mguu. Pikapu ya Anko Kisilu imekosa breki kwa ule mteremko wa Kangundo, dada yangu, aliyekaa nyuma juu ya mzigo, akaenda mtaroni pamoja na maembe.

Na unajua ndani ya breki kulikuwa na nini? Maji ya sabuni! Fundi amefungua, povu likatoka. Povu, Musyimi! Anko alikataa kununua mafuta ya breki, akajaza sabuni. Hiyo gari haikuwa inasimama, ilikuwa inaoga.

Sasa amesimama hapa hospitalini mbele ya watu wa kanisa, anasema, "Huyu ni shetani wa hiyo kona." Wote wakajibu, "Ashindwe!"

Nikashindwa mimi. Nikamwambia, "Anko, shetani hajui hata kukoroga sabuni. Ni wewe."

Mama akanivuta nje na sikio, mimi na hizi ndevu zangu. "Unamwaibisha ndugu yangu? Hutamwona Mutheu mpaka umwombe msamaha."

Nikasema siombi. Siombi kabisa. Nikakaa kwa benchi kama shujaa.

Halafu nikamsikia Mutheu ndani, analia akiniita. Wanampeleka kupasuliwa, mguu uwekwe chuma.

Nimeomba, bro. Nimeinama nikasema, "Anko, nisamehe, nimekukosea heshima."

Unajua amenijibu nini? Amenigusa bega polepole, mbele ya wote, akasema, "Usijali, kijana. Kila mtu hukosea."