Mtihani wa Beata na Mazishi ya Mama Yake

Mbuji, Mbinga
17 Novemba 1996

Mpendwa Baba mdogo Mansuetus,

Shikamoo. Natumaini huko Tanga u mzima, na kile kifua kilichokusumbua masika kimepoa. Hapa mvua imetuwahi, mahindi tumeshaanza kupanda. Sisi wenyewe tunapumua tu.

Barua ya msiba uliipata. Ila kuna jambo sikuliandika, kwa aibu.

Mke wangu Emerensiana alifariki siku mbili kabla ya mtihani wa darasa la saba. Beata wetu alikuwa Matiri kwa shangazi yake, anakosoma. Kaka Urbani akasema mtoto asiambiwe, atafeli. Nami nikaona huo ndio ubaba. Shangazi yake akaja mazishini peke yake, akarudi na kunyamaza kama tulivyomwagiza. Beata alimaliza mtihani Alhamisi. Ijumaa akaja nyumbani na madaftari yake kumwonyesha mama, akakuta kaburi.

Tangu siku hiyo hunipa shikamoo asubuhi, basi. Anapika, ananinawisha mikono, anaondoka. Inaniuma sana, Baba.

Nimetafuta wa kuniambia la kufanya. Kijitabu nilichoazima parokiani kinasema baba ni kichwa cha nyumba, kinaishia hapo. Nesi wa kliniki ana mafunzo mazuri, ila yote huanza na "akina mama". Redioni kwa jirani kuna kipindi cha malezi, na mama mmoja alisema mzazi akikosa amwombe mtoto wake msamaha. Wanaume tuliokuwa pale tulicheka, na mimi nilicheka. Njiani kurudi nililia.

Zamani ningeuliza kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo mlipokula pamoja na kushauriana. Tangu waje wanunuzi binafsi wa kahawa, kila mtu anauza kwake na kula kwake, sengu imekufa. Kati ya waliokaa na marehemu baba umebaki wewe tu.

Unakumbuka baba aliponichapa kwa ajili ya jembe lililopotea, kumbe Urbani ndiye aliyeliazimisha? Jioni ile pale sengu alinisogezea mnofu wake, asiseme kitu. Sisi watoto tulipoondoka, alikwambia lolote? Alijua kwamba alinikosea? Kama alisema, niandikie maneno yake vilevile. Kama hakusema, niambie tu, nijue kwamba naanza mwenyewe.

Maana mimi nilikosea, Baba mdogo. Beata alikuwa na haki ya kumzika mama yake, hata kama angefeli. Nilimnyima, na siwezi kumrudishia.

Msalimie sana mama mdogo Rosa, na Ignatio na wadogo zake. Mungu awatunze, na akujalie nguvu uje uione tena Mbuji.

Barua hii ataipeleka Beata mwenyewe kesho, posta ya Mbinga. Nampa bahasha ikiwa wazi, ataifunga yeye.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Egidi