Moja-Mbili-Tatu Mara Nane

Alhamisi, 25 Januari 1896
Imekuja barua ya kumwandikia mdogo wangu Kapitolina, muhuri wa mji wa Saratov. Nimeipokea mimi, yeye yuko sokoni na Fedosia, mpishi wetu. Nimeifungua kwa mvuke wa birika. Mungu anisamehe! Shule ya wasichana ya huko inamtaka awe mwalimu wa piano. Jibu kabla ya tarehe mbili.

Ijumaa, 26 Januari
Sijampa. Tamasha letu ni Jumamosi ya wiki ijayo, la mwisho kabla ya Kwaresima. Akiisoma sasa akili itahama, vidole vitafuata. Nimeificha ndani ya daftari langu la noti. Walzi yetu, dansi ya piano mbili, naipiga bila kusoma noti — daftari hilo halifunguliwi na mtu.

Jumatatu, 29 Januari
Wiki ya siagi, ya kula na kushiba kabla ya Kwaresima. Fedosia anakaanga chapati za maji tangu alfajiri. Kapitolina kala tisa. Mimi sijagusa hata moja. Kauliza kama posta imeleta kitu. Nimesema theluji imefunga njia.

Mazoezi mabaya. Walzi anaianza yeye peke yake, kwenye piano ya pili: moja-mbili-tatu mara nane, ndipo naingia na wimbo. Mikono hatuonani, nyuso tu. Miaka kumi naingia kwa kumtazama anavyovuta pumzi. Leo nimeshindwa kumtazama. Nimeingia mapema mara tatu! Mwalimu wetu wa piano, Vikenti, kaniuliza kama nawahi treni.

Alhamisi, 1 Februari
Mwisho wa jibu ni leo. Na leo Mwalimu kasema mimi, Agnia, najisikiliza mwenyewe tu, basi tubadilishane viti, kila mmoja apige sehemu ya mwenzake. Desturi yake ya zamani — nimeisahauje! Nikasingizia mgongo. Kapitolina alishakaa kwenye kiti changu, anacheka, analifungua daftari.

Nikaanza moja-mbili-tatu. Yake. Nikafika nane, wimbo haukuingia. Nikaendelea kupiga, mpumbavu mimi, huku yeye anasoma.

"Dada, umeifungua?"

Nikasema ni kwa ajili ya walzi.

"Ungeniomba tu, Dada. Ningebaki."

Akavaa koti, akaenda kupiga telegramu. Fedosia alimfuata, anasema aliandika neno moja. Neno gani? Fedosia hajui kusoma.

Ijumaa, 2 Februari
Hasemi nami. Mezani alimtuma Fedosia aniombe chumvi, nami niko mkono mmoja kutoka kwake! Fedosia kachoka: kasema yeye ni mpishi, si tarishi, na njia ya mwongo ni fupi. Sanduku lake la safari limeshushwa kutoka darini. Nimeomba radhi mlangoni kwake, haukufunguliwa.

Jumamosi, 3 Februari
Saa kumi alasiri. Tamasha saa moja jioni. Sanduku liko mlangoni, limefungwa kamba. Kapitolina kaagiza gari la farasi. Fedosia hajui ni la ukumbini au la stesheni. Nimeshavaa gauni. Naandika kwa sababu nikiacha nitalia.

Piano! Ni yake, ya pili. Moja-mbili-tatu... mara nane. Kanyamaza. Pale pale ninapoingia mimi.

Kaanza tena. Mara nane. Kimya.

Ananiita, au anaaga? Mlango wa chumba cha piano uko hatua nne. Naona aibu, naona aibu mno. Gari limefika, namsikia farasi.

Kaanza mara ya tatu. Taratibu zaidi. Tano, sita —