Namba Iliyokwama Tabaka la Tatu

Alhamisi, 1 Oktoba 1998

Imekubali! Saa tano asubuhi modemu, kile kisanduku cha simu, imelia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu orodha nzima ya majibu ikaenda hadi kliniki ya kule Mbeere. Hakuna mtu aliyebeba diski kwenye gari. Nimeruka hadi kiti kikaanguka. Daktari Murungi, mkuu wa maabara yetu, akachungulia mlangoni, akauliza kama kuna nyoka.

Wacha nijisifu, maana hapa Meru hakuna mwingine wa kunisifu. Zile programu za kuficha maandishi alizoniletea rafiki yangu Mukiri kutoka Nairobi — diski sita — uzuri wake si hesabu. Hesabu hata sizielewi zote. Uzuri ni matabaka. La kwanza linaficha maneno. La pili linageuza yaliyofichwa kuwa herufi za kawaida, simu isije ikayaharibu. La mwisho linatoa nje. Na programu yangu haijui nje ni wapi! Inasema tu: andika. Mwezi jana chini yake kulikuwa na diski, leo kuna modemu. Nimeongeza tabaka moja tu langu mwenyewe, la tatu, hapo kabla ya mwisho. Linakusanya herufi sitini na nne, ndipo linazituma kwa pamoja, kwa sababu laini yetu inakwenda polepole mno.

Kuficha ni lazima. Juzi nikipigia kliniki nilisikia wanaume wawili wakibishana juu ya miraa, laini zimeingiliana. Na hizi ni namba za watu waliopimwa ukimwi.

Jumanne, 6 Oktoba

Teresia amepiga simu. Ndiye muuguzi wa kule kliniki, mdomo wake hauna breki. Orodha imefika, imefunguka vizuri, lakini mwishoni kompyuta inalia ti-ti-ti na kumwandikia Kizungu kirefu, wagonjwa wakitazama.

"Mwari, hii kitu yako inaniaibisha. Watu wanaona ni kama nimeiharibu."

Nikamuuliza kama namba zipo. Zipo. Basi ni onyo tu, labda alama fulani tupu inapotea njiani. Nimetengeneza programu nyingine isiyo na onyo, nikaituma kwa diski na gari la maabara. Kazi ya dakika tano!

Alhamisi, 8 Oktoba

Orodha ya pili imekwenda. Kimya. Teresia anasema sasa mashine imekuwa na adabu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Situlii. Kazi imeisha na sijui nifanye nini na mikono yangu. Jana nilikuwa Nkubu kwa mama. Ameniuliza tena nitaolewa lini, au nitaolewa na kompyuta. Nikajibu kwamba kompyuta angalau haikoromi. Hakucheka.

Kliniki imejaa wachumba siku hizi, Teresia anasema. Wachungaji hawafungishi ndoa bila karatasi ya damu. Wanatolewa damu kule, tunaipima hapa, tunarudisha majibu. Lakini tunarudisha ya waliokutwa na virusi peke yao. Ndivyo kliniki walivyotaka tangu mwanzo, orodha iwe fupi, ikianguka mikononi mwa mtu isimalize kijiji. Namba ikikosekana kwenye orodha, Teresia anaandika "Sawa" kwenye daftari lake. Majina yako huko tu. Mimi sijawahi kuona jina hata moja, na nashukuru.

Jumatano, 14 Oktoba

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Daktari alikuwa akijumlisha ya mwezi. Sisi tumetuma namba kumi na moja kwa simu. Teresia ameripoti tisa. Mbili ziko wapi? Nikasema bila hata kufikiri: Teresia amehesabu vibaya. Nikashikilia hapo hapo. Nikamtetea nani? Programu!

Mchana nikafunga mlango nikajaribu. Nikaelekeza programu iandike kwenye diski badala ya modemu, bila lile tabaka langu: namba zote zimetoka. Nikarudisha modemu na tabaka langu: ya mwisho haipo. Nikarudia. Haipo. Nikarudia mara ya tisa, kana kwamba itanihurumia.

Tabaka langu linangoja herufi sitini na nne. Zikifika thelathini, linaendelea kungoja. Lazima uliambie: nimemaliza, mwaga zilizobaki. Mimi sikuliambia. Kwa hiyo kila orodha imekatika mkia, na hilo ndilo onyo lilikuwa likilipigia kelele. Mimi nikaliziba mdomo kwa sababu linamwaibisha Teresia!

Namba 187. Namba 203. Wote wawili wameambiwa wako sawa.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimemwambia Daktari kabla hajaketi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Laiti angenigombeza. Alisema tu kwamba 187 ni dereva ambaye hakuamini majibu yale, akaja na namba yake kupimwa tena hapa Meru wiki hii, ameshajua. 203 hajui.

Tukapigia kliniki. Laini imekufa, mvua imeangusha nguzo huko chini.

"Kesho wewe utaenda," akasema. Atanipa barua ya kumpelekea Teresia. Damu ya 203 itolewe upya, ipimwe mara ya pili, majibu Jumanne.

"Lakini mimi si daktari!"

"Sijakutuma udaktari. Ueleze ilivyokuwa."

Siwezi kula.

Ijumaa, 16 Oktoba

Niko kliniki, kwenye benchi la nje. Naandika kwa sababu nisipoandika nitasimama na kutembea, na watu wameshaanza kunitazama.

Teresia alisoma barua, akafungua daftari. Kidole kikashuka: 201, 202, 203. Kikasimama. Nikaona mwandiko wake wa duara, wa mtu aliyeandika bila haraka: *Sawa. Harusi 17/10.*

Kesho!

202 ndiye mchumba. Yeye yuko sawa kweli.

Nilidhani Teresia atanipigia kelele. Alisema polepole, mara mbili: "Si nilikuambia inalia? Si nilikuambia?" Alinyanyuka, akamtuma mfagiaji akamwite huyo msichana wa 203. Nyumba ni pale ng'ambo ya soko.

Alikuja kichwa nusu kimesukwa, nusu bado, kitambaa mkononi. Jina lake siliandiki. Alinisalimia na mimi, akafikiri nami ni mgonjwa, akaniambia pole. Akamtania Teresia kwamba kama ni habari ya sherehe asiogope, nyama itatosha kliniki yote. Wakaingia. Mlango ukafungwa.

Mwanzo nilisikia sauti yake tu, bado ya kucheka. Halafu ya Teresia, chini, kwa Kimbeere, ndefu. Mama mmoja hapa benchini amenyamazisha mtoto wake bila kujua kwa nini.

Sasa anauliza, kwa Kiswahili, kwa nguvu, kama anayetaka hata sisi wa nje tusikie: nani alisema niko sawa? Teresia anamjibu ni mashine. Ni mashine ya Meru, ilikosea.

"Mashine ya nani?"

Ningeweza kwenda zangu. Barua nimeileta, nilichotumwa nimekieleza. Stendi iko hapo tu. Naogopa, haki ya Mungu, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mlango umefunguka. Teresia amesimama hapo, macho mekundu, pamba ya sindano bado mkononi. Hasemi jina langu. Ananiashiria kwa kidevu niingie, na nyuma yake naona kile kichwa nusu kimesukwa, kimegeuka kunitazama. Naweka kalamu, naingia.