Vimkate Vilivyobonyea vya Jumamosi

Kumbukumbu ya baba yetu, Harmen Roelfsema

Mwaka umetimia, Baba, tangu utoke asubuhi ya Jumamosi kwenda kununua vimkate vya zabibu, ukamwambia Mama abandike maji ya kahawa, na hukurudi tena.

Kijiji kizima kilikujua kwa mwendo wako. Baiskeli nyeusi, mgongo wima, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine begani mwa Mama. Kila Jumamosi saa nne mlipanda tuta la mto mkaenda tu, bila kujua mnakwenda wapi. Mlisimama kutazama ndama, mlisimama kula keki ya tufaha, mlisimama kwa sababu mmeona benchi. Vijana waliwapita wakipiga kelele, "Mzee, utaota mizizi!" Nawe ulijibu, "Nikiota mtapata kivuli! Mnakimbilia wapi?"

Sisi wanao ulitufundisha baiskeli kwa somo moja tu: ukimwacha mwenzako nyuma, bado hujajua kuendesha.

Wale watu wa mbio wenye nguo za kubana za manjano uliwaita panzi. Wakiwapita tutani walicheka, na Mama alidhani wanamcheka yeye na kikapu chake. Ukamtuliza, "Achana nao, hawana adabu."

Kumbe panzi mwenyewe ni wewe!

Hospitalini, shuka ilipofunuliwa, Mama alisema, "Jamani, mmekosea. Huyu si wangu. Wangu havai hivi." Ulikuwa umevaa manjano ya kubana mpaka magotini. Kisha muuguzi akatoa vimkate vya zabibu kwenye mfuko wa mgongoni, vimebonyea. Hapo Mama akakaa chini. Miaka yote hiyo vilifika nyumbani vimebonyea, na yeye akawa anagombana na mwokaji wa watu. Miaka yote ulirudi umelowa jasho, ukisingizia upepo!

Baiskeli ya mbio uliificha bandani kwa jirani yetu Wubbo. Siku ya mazishi Wubbo na panzi wenzake walisimama nyuma wakilia, wakikuita Risasi. Risasi! Na Mama, aliyekuita Konokono kwa mapenzi, anasikia. Kilichomuuma si baiskeli, Baba. Alijiuliza kama Jumamosi zote zile ulikuwa unamvumilia tu, moyo wako ukiwa mbali mbele yake. Hakupanda baiskeli tena, wala hakumsalimia Wubbo.

Wiki iliyopita Wubbo alibisha hodi. Mama alimzuia mlangoni.

"Kahawa yangu umekunywa miaka mingapi, wewe, huku unanicheka?"

"Shemeji, nitukane, ni haki yako, ila nisikilize kwanza. Sisi tulikuwa tukifika darajani tunakaa, tunapiga soga. Harmen hakukaa hata siku moja. Anageuza palepale. 'Geeske ananingoja saa nne.' Tukamtania, Risasi, baki leo bwana, hiyo safari yenu ya kobe haiishi. Akasema, 'Hiyo ndiyo safari. Hii ya kwenu nanyoosha miguu tu.'"

"Na siku ile?"

"Siku ile upepo ulikuwa wa mbele. Tulimpigia kelele apunguze. Akasema atachelewa. Hatukufika mbali, moyo ukamsimama."

Mama akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakulia. "Si angechelewa tu! Nyumba hii nani alishawahi kuwa na haraka?"

Hatujakusamehe, Baba. Mama mwenyewe ametuagiza tuliandike hilo. Ulimdanganya mtu ambaye angekucheka siku moja tu, kisha akakuongezea kipande cha keki.

Jumamosi hii saa nne atapanda tutani kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Tutakuwa naye, na hakuna atakayemwacha nyuma.

Unakumbukwa na mkeo Geeske, wanao Fenna na Jelte, dada yako Aaltje, na jirani yako Wubbo, ambaye kahawa bado hajapewa.

Tutakukumbuka daima, Konokono wetu. Ungechelewa tu.