Upande Wangu wa Reli

Kamwene, mjukuu wangu Ezra,

Sisi tu wazima, ila baridi ya Makambako inatutafuna. Miparachichi ya mama yako imeanza kuzaa. Unauliza kwa nini nimeinunia bustani mpya ya mji wakati babu yako hakosi kwenda hata asubuhi moja. Nitakuambia, ila usimpelekee maneno.

Bustani hiyo wameitengeneza juu ya ile reli ya kwenda ghalani, iliyoachwa miaka mingi hadi vyuma vikang'olewa. Nilipokuwa msichana, tukitoka kwaya, mimi na babu yako tulirudi kwa njia hiyo, yeye juu ya chuma chake, mimi juu ya changu, kushoto kwake. Wazee wakituona hawakuwa na la kusema, maana katikati palikuwa na nafasi ya mtu mzima. Tulishikana kwa bua la mahindi tu, tusianguke.

Sasa daktari kamwambia atembee, naye anatembea hapo na mjane mmoja wa Mahongole mwenye raba nyekundu! Wivu hauzeeki, Ezra. Juzi nikawafuata kwa nyuma. Yule mama alipohamia kushoto kwa babu yako, mzee akasimama.

"Samahani, mama," akasema. "Upande huo una mwenyewe."

Nikarudi nyumbani kimyakimya, nikampikia uji.

Leo nimenunua raba. Nyekundu kuliko zake.

Bibi yako