Jiko la Kuwapokea Wakwe

Jumatatu, 5 Julai 1993

Kuchapa barua ofisini hadi saa tisa. Kisha dukani tena, mara ya tatu, kutazama jiko la gesi la kuchomea nyama. Zamani tulipanga foleni ya sabuni; leo mwenye duka ananibembeleza nichague. La kwake ni jipya ila dogo, miguu myembamba, upepo wa mtaa wetu wa Nkuhungu utaliangusha. Jingine, lililotumika, ni la mhandisi Mzungu wa ofisini kwetu aliyerudi kwao. Kubwa, lina kifuniko na magurudumu. Nimerudi kwa miguu nikiliona uani kwangu, moto wa bluu umelala chini ya nyama, hakuna moshi wa kunikohoza mbele ya wageni. Nikapita nyumba yangu bila kujua.

Jumatano, 7 Julai

Nimechagua la Mzungu. Petro, dereva wa ofisini, kaniletea. Nimeliwasha mara mbili bila kitu juu, nikakaa tu kuliangalia.

Jumamosi wakwe wanatoka Kondoa na barua ya posa ya Neema, mwanangu wa pekee. Wao Waislamu, sisi Wakristo. Nataka waone kwamba mjane naye ana nyumba. Mbuzi atachinjwa na jirani, Baba Zaituni, kama kawaida ya mtaa huu, ili wote wale.

Ijumaa, 9 Julai

Petro kanisimulia huku anacheka. Siku ya kumuaga Mzungu walichoma kitimoto, yaani nguruwe, kwenye jiko lile lile.

Sikucheka. Nimelisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni. Mara saba. Nilikwenda kwa Mama Zaituni kumuuliza kama inatosha, nikaishia kuomba chumvi. Niliogopa atanijibu.

Nimeamua nitalitumia. Watajuaje? Najichukia kidogo. Bado naota mchana kweupe: Neema na shela lake, wakwe wakisifu nyama.

Jumamosi, 10 Julai

Walikuja watano. Nyama ya kwanza ikaiva, harufu mpaka barabarani. Msemaji wao ni Mzee Salimu, baba mdogo wa Iddi, bwana harusi. Barua ilikuwa mfukoni mwa koti lake, ncha yake naiona. Akalisogelea jiko, akalisifu, akanyoosha mkono achukue kipande.

"Mzee wangu, usile. Jiko hili lilichomewa nguruwe."

Nikasema yote, hata kwamba nilijua tangu jana. Neema akaingia ndani. Mzee akaurudisha mkono wake. Nilijua nimeivunja ndoa ya mwanangu kwa mdomo wangu.

Shangazi yake Iddi ndiye aliyesimama. Akajifunga kanga kiunoni. "Iliyobaki mbichi iko wapi, mama?" Nusu ya mbuzi ilikuwa bado ndani. Akaagiza sufuria kwa Mama Zaituni, akapika mwenyewe kwenye mafiga. Moshi ukanikohoza. Nililia pia, sifichi.

Walikula. Mzee Salimu hakunitazama hata mara moja. Alipokwisha kunawa, akaiweka barua mezani.

Jumapili, 11 Julai

Kanisani sikusikia mahubiri. Barua iko kabatini, nimeisoma mara tatu. Neema amekwenda stendi kuwaaga wageni. Hivi karibuni atapanda basi hilo hilo la Kondoa, na nyumba itabaki ya mtu mmoja.

Nyama niliyochoma jana imebaki sinia zima. Naila peke yangu, juani, polepole. Ni tamu kweli.