Mguu wa Mama Daniela

Rumonge, Jumatano jioni

Sijui kama leo nimemsaidia mtu au nimeharibu kazi.

Mama Daniela wa Kizuka ndiye mwenye mguu wa kushoto uliovimba. Asubuhi nilimdunga rangi ya buluu kati ya vidole ili nione mishipa yake ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili, inapita wapi. Daktari anayenifundisha upasuaji wa kuunganisha mishipa hiyo amekwama Bujumbura, barabara haipitiki. Nimebaki na hadubini yake na mapaja ya kuku ninayojifunzia kushona mishipa.

Rangi ikapanda! Mistari ilijichora chini ya ngozi, ikapotea karibu na kifundo. Nilifurahi kama mtoto.

Yeye akaanza kulia. "Muganga, futa. Kwa barieri ya askari wataniuliza nani amenitia alama hii. Nitajibu nini?"

Nikamwambia haifutiki, itakaa siku kadhaa, alale hapa hospitalini.

"Na watoto? Iko peke yao nyumbani."

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa na haki. Mwisho nikachukua ile dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo kila askari anaijua, nikampaka miguu yote miwili mpaka magotini. Akajitazama, akacheka, akanishukuru, "Murakoze," akaondoka. Kama amefika, sijui.

Sasa lazima nimchoree daktari ile mistari, maana ndiyo itakayotuonyesha pa kukata. Nimechora mitatu. Nimefuta, nimechora minne. Nimefuta tena.

Nilipaka kabla ya kuihesabu mistari.